Saa Aliyoikataa Mama Boram

Programu iliikataa harusi ya Tak Boram mchana kweupe, mwenyewe akiwa kazini na kipande cha kimbap, wali uliozungushiwa mwani, mdomoni. Lililomuuma zaidi ni kwamba programu hiyo alikuwa ameiandika yeye.

Habari aliletewa kwa simu na mchumba wake, Taegyeom, ambaye sauti yake siku hiyo ilikuwa kama ya mtu anayetembea juu ya mayai.

"Boram, umekaa?"

"Nimekaa. Nani kafa?"

"Hajafa mtu. Mama katuingiza kwenye Siku Njema."

"Hatimaye! Ikampa siku gani?"

"Haikumpa."

"Haikumpa vipi? Mwaka huu?"

"Wala mwakani. Imemwandikia, 'Hakuna siku inayofaa. Jogoo anamdonoa Sungura.' Sungura ni mimi, nadhani."

Boram alimeza kimbap bila kutafuna.

Siku Njema ilikuwa ndiyo riziki yake. Kumbi za harusi za Seoul ziliinunua kwa sababu ilifanya kazi ya watu wawili waliokuwa hawaelewani tangu zamani, yaani mpiga ramli na karani wa ukumbi. Unaiambia bibi harusi kazaliwa mwaka gani, mwezi gani, siku gani na saa gani, na bwana harusi vilevile. Programu inasoma nyota kwa hesabu za wazee, ambamo kila mwaka na kila saa ina mnyama wake, kisha inatazama ukumbi uko wazi lini, mpishi yupo lini, na shangazi aliyehamia Los Angeles ataweza kutazama saa ngapi bila kuamshwa usiku wa manane. Mwisho inakutolea siku ambazo mbingu na ukumbi vyote viko tayari.

Kazi ya Boram humo ndani ilikuwa saa. Ukitaka kumtia mtu wazimu, mpe kazi ya saa. Los Angeles wanasogeza saa zao mbele na kuzirudisha nyuma kila mwaka. Sydney nao wanasogeza, lakini majira yao yamepinduka. Seoul haisogezi kitu. Kwa hiyo shangazi aliyepangiwa saa mbili mwezi wa kumi anajikuta mwezi wa kumi na moja anasubiri mbele ya kioo kitupu, na anayetukanwa ni ukumbi. Boram aliyanyoosha yote hayo mpaka wenzake wakampa jina la Bibi Majira.

Ila fahari yake kubwa haikuwa Los Angeles. Ilikuwa hapa hapa nyumbani.

Vijana wengi hawajui, na wakubwa waliofaidi wangependa wasijue, kwamba nchi hii nayo iliwahi kusogezewa saa. Viangazi viwili mfululizo, mwaka wa Sungura na mwaka wa Joka, kuelekea Michezo ya Olimpiki, amri ilitoka juu na taifa zima likaambiwa lisukume mishale mbele kwa saa moja. Waliotoa amri walisema ni kuokoa umeme. Watu mitaani walisema ni ili Wamarekani watazame mbio kwenye televisheni saa wanayotaka wao. Wenye viwanda hawakusema kitu. Walitabasamu.

Basi mtoto wa kiangazi hicho aliyeandikwa kuwa kazaliwa saa tatu usiku, kwa jua alizaliwa saa mbili. Nyota hazisomi amri za serikali. Boram aliifundisha programu kwamba ikikutana na mtoto wa viangazi vile viwili, imtolee saa moja. Mkurugenzi Gil, mwenye kampuni, alipinga.

"Nani anajali mambo ya mwaka wa Joka?"

"Waliozaliwa mwaka wa Joka," Boram alimjibu. Yeye mwenyewe alizaliwa kiangazi hicho.

Saa yake ya kuzaliwa hakuwahi kuiingiza hata kwa kujaribu, kwani mambo ya nyota aliyaamini kama vile muuza keki za mchele za matambiko anavyoamini kwamba marehemu wanatafuna. Kwake ilikuwa biashara. Lakini Yeom Gyeongja, mama yake Taegyeom, aliamini kwa niaba yake na ya ukoo mzima. Mjane huyo alimlea mwanawe kwa nyota. Kwa nyota alimchagulia shule, kwa nyota alimchagulia daktari wa meno. Alishasema mbele ya watu kwamba bila siku njema yeye havai hanbok, vazi la jadi la harusi, na Taegyeom alikuwa mtu mzima katika kila jambo isipokuwa kumpinga mama yake.

"Aliingiza saa ngapi?" Boram aliuliza.

"Saa mbili usiku. Si ndiyo uliyoniambia?"

"Ndiyo. Mama yangu ndivyo anavyosema siku zote."

Alivuta kompyuta karibu, akaandika saa mbili. Programu, kwa utiifu alioifundisha yeye, ikatoa moja. Saa moja jioni, saa ya Jogoo. Na Jogoo na Sungura ni maadui wa tangu na tangu. Akaizuia isitoe. Saa mbili, saa ya Mbwa. Papo hapo siku zikamiminika kwenye kioo kama mchele wa gunia lililotoboka.

"Taegyeom, ningekuwa Mbwa mambo yangekuwa safi. Mbwa na Sungura wanapendana sana."

"Boram. Umewahi kumwona mbwa akiwa na sungura?"

"Huko mbinguni, mume wangu. Huku chini ni mambo mengine."

* * *

Mama yake Boram, Bang Jeomrye, alikuwa na kibanda cha kurekebisha nguo nyuma ya soko la Guro, mtaa ule ule aliofika akiwa msichana kushona mashati ya kuuzwa ng'ambo. Kiwanda kilishahamia nchi nyingine kutafuta vidole vya bei rahisi zaidi. Jeomrye alibaki, pamoja na kelele zake. Hakuna diwani wa mtaa huo ambaye hakuwahi kutukanwa na Jeomrye kwa jina lake kamili.

"Mama," Boram alisema, akiketi juu ya rundo la suruali, "ile saa mbili niliyozaliwa. Ilikuwa saa mbili ya saa ipi?"

Cherehani ilinyamaza.

"Kwa nini unauliza?"

"Kiangazi kile saa zilisogezwa."

"Za nani zilisogezwa?"

"Za wote, Mama."

"Yangu haikusogezwa." Jeomrye alivua miwani. "Ngoja nikwambie, kwa sababu shuleni hawakukwambia, walikuwa wanakufundisha majina ya wafalme. Saa ya ukutani pale kiwandani aliisogeza msimamizi, tena kwa fimbo ya kufungulia madirisha, sote tunamwangalia. Asubuhi tukaanza kuingia kwa saa mpya, yaani jua bado limelala. Haya. Jioni saa mpya ikasema muda umekwisha, tukaanza kukusanya mikasi. Msimamizi akasema, 'Mnakwenda wapi? Hamwoni bado mwanga?' Umeelewa ujanja? Asubuhi walitumia saa, jioni walitumia macho."

"Kila siku?"

"Kila siku, mpaka jua lenyewe liliposhindwa. Basi sisi wa mstari wa kola tukaapa kwamba hakuna atakayegusa saa ya mkononi. Msimamizi akipita anauliza saa, unamwambia ya kwako. Anasema saa tatu, unamwambia mbili. Anakasirika mpaka masikio yanamwiva. Wengine walichoka wakasogeza. Mimi sikusogeza. Uchungu ulinishika hapo hapo kwenye cherehani, wakanipeleka zahanati kwa toroli ya marobota. Ulipotoka, muuguzi akatazama ukutani akasema, 'Saa tatu, mtoto wa kike.' Nikamwinulia mkono, hivi. Nikamwambia, 'Mbili.'"

Boram aliruka kutoka kwenye suruali, akampiga mama yake busu la shavu.

"Mama, umeniokoa! Ukutani ilikuwa saa tatu! Basi hakuna tatizo. Jumamosi tukikutana na Mama Taegyeom, akikuuliza, mwambie saa tatu. Programu itatoa moja, tutarudi kwenye mbili, nitakuwa Mbwa, tutaoana."

"Simwambii saa tatu."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu ulizaliwa saa mbili."

"Lakini ni kitu kile kile! Unaitaja tu, kisha inatolewa. Programu inakurudishia saa yako."

"Ili inirudishie, lazima kwanza niiweke mezani kwao na kusema ilikuwa yao. Sikusema nikiwa na uchungu wa uzazi, leo nitaisema nikila samaki wa bure?"

"Mama, ni namba tu."

"Ndivyo msimamizi alivyotuambia. Neno kwa neno."

Boram alijaribu kubembeleza, akajaribu kununa, akajaribu hata machozi, ambayo hayakutoka vizuri. Jeomrye alirudisha miwani na kuendelea kukata pindo.

Boram angeweza kuitaja yeye mwenyewe hiyo saa tatu, na Taegyeom alishajitolea kuifikisha. Lakini Gyeongja aliwakata wote kauli. Saa ya kuzaliwa, alisema, haiulizwi kwa aliyezaliwa, maana hakuwa na akili, wala haiulizwi kwa mchumba, maana ana haraka. Ataisikia Jumamosi kwa mdomo wa aliyezaa, na atakachosikia ndicho kitakachoingia kwenye programu.

* * *

Chumba cha wageni kwenye mkahawa wa Jongno kilikuwa na mlango wa karatasi na meza iliyojaa visahani mpaka mtu hana pa kuweka kiwiko. Wajane wawili walikaa uso kwa uso. Gyeongja alivaa lulu. Jeomrye alivaa koti aliloshona mwenyewe, na Boram alijua kwamba mishono yake ilishakaguliwa na kufaulu, kwa sababu Gyeongja aliitazama mara mbili na hakusema kitu.

Walizungumza kuhusu hali ya hewa. Wakasifu samaki. Wakasifiana watoto kwa zamu, kila mmoja akimponda wa kwake ili mwenzake akatae. Taegyeom alikuwa anatokwa na jasho puani.

"Sasa mkwe wangu," Gyeongja alisema, akiitoa simu na kuiweka kando ya bakuli la supu kama hakimu anayeweka nyundo, "nisamehe kwa kuuliza mambo ya ndani. Huyu binti ulimzaa saa ngapi?"

Chini ya meza Boram alimfinya mama yake paja. Jeomrye aliutoa ule mkono na kuurudisha kwa mwenyewe.

"Saa mbili usiku."

"Saa mbili."

"Kamili."

Gyeongja alishusha pumzi. Uso wake, ambao kwa kweli ulikuwa umetaka jambo hili liende vizuri, ulimshuka. "Basi ni Jogoo. Pole, mkwe. Pole, Boram. Samaki ni mzuri sana, tule."

"Mama, ngoja," Boram alisema. "Si Jogoo. Programu imekosea."

"Imekosea?"

"Imemtolea saa moja mtu ambaye alishaitoa mwenyewe. Mama yangu hakufuata saa ya serikali. Alifuata ya zamani. Programu ilidhani kila mtu alitii."

Gyeongja aliigonga simu kwa ukucha. "Mwanangu, mimi si mtaalamu. Lakini programu hii imewakatalia watu wangapi? Mpwa wangu ilimkatalia, akalia wiki nzima, ukasema haikosei. Ulisema mwenyewe, hapo sebuleni kwangu, mdomo umejaa peasi. Leo imekukatalia wewe, ndiyo imekosea?"

Ilikuwa kweli. Na peasi pia ilikuwa kweli.

"Mama, mwambie tu," Taegyeom alimnong'oneza Jeomrye kwa sauti iliyosikika na watu wote. "Muuguzi alisema saa ngapi?"

"Muuguzi alikuwa mtu wao," Jeomrye alisema.

"Mtu wa nani?" Gyeongja aliuliza.

"Wa waliosogeza saa."

"Hukusogeza saa yako?"

"Sikusogeza."

"Kiangazi kizima?"

"Vyote viwili."

Gyeongja aliweka vijiti vyake chini, kimoja kimoja. Lulu zilikuwa zinapanda na kushuka shingoni mwake.

"Kumbe ni ninyi," alisema. "Nimekuwa nikiwatafuta."

"Sisi nani?"

"Ninyi wa saa ya zamani! Unajua mlinifanyia nini? Mama mkwe wangu alikuwa mmoja wenu. Hakufanya kazi kiwandani, hakugoma popote, lakini ibada za marehemu wa ukoo zinaanza usiku wa manane, si ndiyo? Kiangazi kile nikawa nimepanga meza, supu ya moto, mchele wa moto, matunda nimeyakata vichwa. Saa ya ukutani ikagonga usiku wa manane. Nikamwambia, 'Mama, tuanze.' Akasema, 'Tuanze nini? Wafu hawasikilizi redio. Nani kawatangazia kwamba saa zimesogezwa? Watafika kwa saa yao.' Tukakaa saa nzima tukiwasubiri! Supu ikapoa, nikapasha, ikapoa tena. Nina mimba ya huyu hapa," akamwonyesha Taegyeom kwa kidole kama mwizi, "miguu imevimba kama viazi vitamu. Na asubuhi mume wangu anakwenda ofisini kwa saa ya serikali, kwa hiyo naamka kumpikia kwa saa ya serikali. Usiku nilikuwa wa wafu, alfajiri nilikuwa wa serikali. Na ukoo ule ulikuwa na wafu wengi, mkwe wangu! Walikufa ovyo ovyo tu, na karibu wote kiangazi!"

Taegyeom aliinamia sahani yake. Mabega yalikuwa yanamtikisika.

"Usicheke!" mama yake alimfokea. "Niliapa kwamba mtu wa saa ile haingii tena nyumbani kwangu."

Boram aliona harusi yake inaondoka kwa mlango wa karatasi, taratibu, ikifunga nyuma yake. Lakini Jeomrye alikuwa ameinua birika la makgeolli, pombe ya mchele, na kuanza kummiminia Gyeongja bakuli zima, mpaka ukingoni.

"Kunywa, dada," alisema. Hakusema mkwe. "Kisha niambie. Ile saa moja ya usingizi wako. Aliichukua nani? Yule bibi kizee, au aliyesogeza mishale?"

"Wote wawili!"

"Bibi kizee alibaki pale alipokuwa. Hakusogea."

"Na mimi nilisimama jikoni, wala sikuwa na pa kusogea!"

"Basi tuliibiwa na mtu mmoja. Mimi kwa cherehani, wewe kwa sufuria. Nawe umekaa miaka yote hii ukimlaumu kizee."

"Kizee alikuwa na mengine pia," Gyeongja alisema, lakini alikunywa. Alipoweka bakuli chini alikuwa anacheka, kicheko kibaya cha puani cha mtu asiyetaka kucheka. "Supu ile, Mungu wangu. Nilipasha mara tatu, mwisho ikawa uji. Marehemu walikula uji."

"Walilalamika?"

"Hao? Wanaume wa ukoo huo hulalamika wakiwa hai tu."

Sasa walicheka wote wawili, na Boram akathubutu kupumua. Alipumua mapema. Gyeongja alifuta macho, akavaa tena uso wake wa hakimu.

"Nakuamini, Mama Boram. Kwamba kulikuwa na saa za aina mbili nchini, mimi ni shahidi, miguu yangu ni shahidi. Lakini programu siipi saa ya uongo. Umesema mbili, nitaandika mbili. Na wewe Boram, usiniletee programu uliyoifungulia mlango wa nyuma kwa ajili yako. Kama ni haki, iwe haki ya kila mtu, hata ya mpwa wangu. Ifungulie nchi nzima. Kisha niulize mimi, kwenye simu yangu hii, mkono wako ukiwa mbali. Ikinipa siku, navaa hanbok. Isiponipa, tubaki marafiki."

* * *

"Hapana," alisema Mkurugenzi Gil. Alikuwa mtu mpole mwenye jibu moja. "Swali moja la ziada, na wateja wanafunga programu. Unataka kumuuliza bibi harusi mambo ya mwaka wa Joka? Ataelewa nini?"

"Atampigia mama yake."

"Ndiyo hatari yenyewe! Akimpigia mama yake hatarudi tena."

"Mkurugenzi, nisikilize." Boram alisimama mlangoni ili asiweze kupita. "Tumeiandika hii programu tukiamini kwamba amri ikitoka saa sita, saa sita na dakika moja nchi nzima imetii. Hazina ya saa za dunia tunayoitumia inaamini hivyo hivyo, kwa kila nchi. Lakini inajua amri tu. Haijui nani alitii. Kuna wanawake waliokataa, na watoto wao sasa ndio wanaooa. Tumekuwa tukiwanyang'anya saa moja mara ya pili, safari hii kwa kompyuta. Na aliyeandika unyang'anyi huo ni mimi."

"Wako wangapi? Mama yako?"

"Na bibi yake mchumba wangu. Nimewatafuta siku moja tu, wakati wa chakula, na nimepata wawili."

Gil alikuna kidevu. "Na nikikataa?"

"Nitaolewa ukumbi unaotumia programu ya wapinzani wetu, na nitakupigia picha nikiwa chini ya bango lao."

Gil alifikiri kuhusu bango. "Kiwe kisanduku kidogo," alisema.

Kiliandikwa siku ile ile na kupelekwa kwenye simu zote za nchi. Kilimtokea tu aliyezaliwa katika viangazi vile viwili. Kiliuliza: "Aliyekutajia saa hii alifuata saa ipi?" Chini yake kulikuwa na sehemu mbili za kugusa, *Saa ya serikali* na *Saa ya jua*. Boram alitaka kuongeza maneno ya kuwaomba radhi, Gil akakataa, wakaachana hapo.

Kufikia mchana wa kesho yake, simu za huduma kwa wateja hazikupumua. Waliopiga hawakuwa mabibi harusi. Walikuwa mama zao. Hakuna aliyetaka msaada wowote. Mmoja alikuwa kondakta wa basi, mwingine aliuza mboga, mwingine alikuwa mwalimu aliyelazimika kuwaamsha watoto wakiwa wanasinzia kwenye madawati, na kila mmoja alitaka kueleza alivyoibiwa ile saa, na nani, na alivaa nini siku hiyo. Wasichana wa huduma walikaa wameshika vichwa, wakiitikia "ndiyo mama, ndiyo mama." Gil alipita katikati yao akiwa kama mtu aliyefungua bomba na sasa hajui linafungwaje.

Simu aliyoisubiri Boram ilikuja alasiri.

"Programu yako," Gyeongja alisema bila salamu, "ina maswali ya polisi."

"Mama, umeshamjibia Mama yangu? Saa ya jua?"

"Hilo nimejibu zamani. Umekuwa Mbwa, hongera. Lakini sasa inaniuliza kuhusu Taegyeom."

Boram alijipiga kofi la paji la uso. Taegyeom naye alikuwa wa kiangazi, cha kwanza, mwaka wa Sungura. Hilo la kwamba kisanduku kingemtokea na yeye, Bibi Majira hakuwa amelifikiri hata kidogo.

"Basi jibu tu, Mama. Saa ya Taegyeom ulitaja saa kumi na moja alfajiri, si ndiyo? Ya serikali au ya jua?"

Upande wa pili ilisikika sauti ya friji, na mlango ukifungwa, kana kwamba Gyeongja alikuwa anahakikisha yuko peke yake katika nyumba ambayo alikuwa peke yake.

"Boram. Mimi nilikuwa nimezimia."

"Ulizimia?"

"Nilipozinduka mtoto ameshaoshwa. Walikuwapo mama mkwe wangu na mke wa askari wa jirani, ambaye saa yake aliisogeza kabla hata ya amri kutoka. Mmoja wao akasema saa kumi na moja. Sikumbuki ni nani. Nimetaja saa hiyo maisha yangu yote. Nimempelekea mpiga ramli, nimempelekea mwalimu mkuu. Daktari wa meno yule! Unakumbuka daktari wa meno?"

"Taegyeom hunionyesha jino alilomharibia."

"Basi. Nimekaa hapa tangu asubuhi nikitazama visanduku viwili. Vyote ni vya watu wanaojua."

"Gusa chochote, Mama. Hakuna atakayekuuliza."

"Chochote! Mama yako aligoma kutaja saa tatu, akiwa na wali wangu mdomoni, na harusi ya mwanawe iko mezani. Mimi niguse chochote? Sitaki kudharauliwa na yule mwanamke. Ongeza kisanduku cha tatu."

"Cha nini, Mama?"

Alijua ni cha nini. Alitaka kukisikia, na kwa hilo alistahili kufinywa paja.

"Unajua ni cha nini. Usinifanye mjinga."

"Lazima nijue maneno ya kuandika."

"Andika," Gyeongja alisema, kwa sauti ya mtu anayeng'olewa jino zima, "*Sijui*."

Boram alikiandika akiwa amesimama. Mwenye saa asiyoijua, programu ilifundishwa kumsoma kwa mwaka, mwezi na siku tu, na kuiacha saa yake wazi. Gil alipokiona alisema hajawahi kusikia kampuni inayouza programu inayokiri haijui, na kwamba sasa wamekwisha. Boram akabonyeza, kikaenda kwenye simu zote.

Kabla hajafika kwenye kituo cha treni, simu ikalia.

"Zimekuja siku tatu," Gyeongja alisema. "Zote za majira ya majani kuanguka, zote nzuri. Mwambie mama yako achague yeye. Mimi leo nimeshasema neno moja, linanitosha."